Utetezi wa Bomba Kuukuu

Wako watu wenye elimu nzuri na nia safi wanaoamini kwamba chombo kikichakaa hukumu yake ni moja tu, nayo ni kutupwa. Hukumu hiyo huitoa juu ya kiatu, juu ya saa na juu ya baiskeli. Na siku hizi huitoa hata juu ya vinanda vikubwa vya kanisa, vile vinavyolia kwa upepo upitao katika mamia au maelfu ya mabomba. Wakiambiwa kuwa kinanda fulani kimenyamaza, kwamba mabomba yake yamebonyea, yamejaa vumbi au yameoza miguu, hujibu upesi: kiondolewe, na mahali pake pawekwe kinanda cha umeme, ambacho ni chepesi, ni rahisi, wala hakihitaji fundi wa kukiuguza. Kisha huongeza hoja tatu. Husema kitu cha kale kimepitwa na wakati. Husema matengenezo ni ghali. Husema kinanda cha namna hii ni cha kigeni, basi hakituhusu.

Mimi nasema hoja zote tatu ni mbovu kuliko mabomba yenyewe, na katika kurasa hizi nakusudia kuzijibu. Walakini nakusudia zaidi kupigana na wazo lililo chini yake, ambalo ndilo mama yao, yaani dharau tuliyo nayo kwa kazi ya kutengeneza kitu kilichoharibika. Mtu anayeunda kitu kipya tunamheshimu. Anayekirudishia uhai kitu cha zamani tunamwita fundi wa viraka. Nadai kwamba katika kazi ya mabomba ya kinanda watu hawa wawili ni mtu mmoja, na asiyeiweza kazi ya mmoja haiwezi ya mwenziwe.

Hatuwezi kulitetea bomba bila kulijua. Jina lenyewe limeleta matata, kwa sababu mtu akisikia neno bomba fikira zake huenda kwenye maji, na akitafuta wa kulitengeneza humwita fundi wa mifereji. Bomba la kinanda si mfereji. Ni filimbi iliyosimama wima. Chini lina mguu uliochongoka, wenye tundu dogo katika ncha, na hapo ndipo upepo wa mivukuto unapoingia. Juu ya mguu pamelala kibamba kidogo cha madini ambacho kimekaribia kuziba njia yote, kikaacha mwanya mwembamba sana upande wa mbele. Upepo hupenya katika mwanya huo kama utepe, hupiga ukingo wa mdomo wa juu, huyumba ndani na nje mara nyingi kwa sekunde moja, na hewa iliyo ndani ya mwili wa bomba huitikia kwa sauti.

Urefu ndio unaoamua sauti iwe nzito au nyembamba. Bomba lililo wazi lenye urefu wa futi 8, yaani karibu mita 2.4, hutoa sauti ya mitetemo kama 65 kwa sekunde. Bomba la nusu ya urefu huo hutoa mitetemo maradufu, na sauti yake hupanda oktava moja. Bomba likizibwa juu, sauti hushuka karibu oktava nzima bila ya kuongezwa hata inchi moja ya madini. Katika vinanda vikubwa mna mabomba ya futi 32, karibu mita 10, ambayo sauti yake huhisiwa kifuani kabla ya kusikiwa masikioni. Na humo humo mna mabomba ambayo mwili wake haufiki urefu wa kidole. Aina ya pili ni bomba la ulimi. Hilo lina kibamba chembamba cha shaba kinachotikisika juu ya tundu, kwa kanuni iliyo jamaa na ile ya kilimi cha zumari. Aliyesikia zumari ikilia katika arusi ya pwani ameshaonja elimu hii, hata kama hajapata kuona kinanda cha mabomba maishani mwake.

Sasa tazama jinsi bomba linavyoundwa. Yako mabomba ya mbao, lakini mengi ni ya mchanganyiko wa bati na risasi. Bati ninalolitaja si mabati ya paa, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Ni madini yenyewe, yayeyukayo kwa nyuzi 232 za sentigredi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Bati likizidi, bomba huwa gumu na la kung'aa, ndiyo maana mabomba ya mbele yanayoonwa na waumini aghalabu huwa na bati jingi. Risasi ikizidi, bomba huwa laini na zito. Fundi huyeyusha madini hayo chunguni, huyamimina katika sanduku la mbao lililo juu ya meza ndefu, kisha sanduku hukokotwa mbio kutoka ncha moja ya meza mpaka ncha ya pili. Nyuma yake hubaki shuka la madini, jeupe na la kumetameta, ambalo hupoteza mng'ao mbele ya macho likiganda. Likikokotwa polepole, madini hugandia njiani. Likikokotwa kwa pupa, shuka halina unene wa kutosha. Hapana nafasi ya kusahihisha katikati. Shuka lililoharibika hukatwakatwa likarudishwa chunguni, na fundi huanza upya bila kunung'unika.

Shuka likiwa jema hukwanguliwa mpaka lipate unene unaotakiwa, hukatwa kwa kipimo, huviringishwa juu ya kigogo cha mviringo, na kingo zake hulehemiwa. Kabla ya kulehemu, kingo hupakwa mchanganyiko wa chokaa na gundi ili lehemu isitambae mahali isipotakiwa. Kazi hii ina hatari yake: lehemu na bomba ni ndugu wa damu moja, wanayeyuka kwa joto lisilopishana sana, hivi kwamba chuma cha moto kikikawia kidogo mkononi mwa mtu mzito, bomba lenyewe hutoboka. Mwisho huja kazi ya kulipa bomba sauti, ambayo ni ya kisu kidogo na sikio kubwa. Mwanya hupanuliwa au hufinywa kwa kadiri ya unywele, kibamba hushushwa au huinuliwa, mdomo hukatwa kidogo, bomba hupulizwa, husikilizwa, hurudiwa. Kinanda chenye mabomba 4,000 humtaka fundi aifanye kazi hiyo mara 4,000.

Nimekaa sana katika karakana kwa sababu hoja yangu imo humo. Kila tendo nililolitaja huacha alama juu ya bomba. Unene wa shuka, mikwaruzo ya kifaa cha kukwangulia, kimo cha mdomo, upana wa tundu la mguu, herufi ya sauti ambayo fundi aliikwaruza kwa ncha ya chuma: hayo yote ni maandiko. Mtu aliyewahi kuunda bomba kwa mikono yake huyasoma. Asiyewahi huona uchafu, akausugua.

Ndiyo sababu nasema adui mkubwa wa bomba la kale si panya atafunaye ngozi ya mivukuto, wala si vumbi. Ni fundi mwenye haraka ya kuliboresha. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ladha ya watu wa Ulaya ilibadilika. Walitaka kinanda kivume kama kundi kubwa la wapiga ala. Basi mabomba ya mababu zao yaliyokuwa na sauti safi na nyepesi yalikatwa midomo, yalichanjwa vibamba, yalitiwa upepo wa nguvu kupita wa kwanza, na mengine yalifupishwa ili sauti ipande. Waliofanya hivyo hawakuwa waovu. Walikuwa mafundi hodari, walilipwa kwa kazi hiyo, na bila shaka walishukuriwa. Lakini mdomo wa bomba ukishakatwa haukui tena kama ukucha. Yeyote atakaye kuurudisha hana budi kulehemu madini mapya mahali pale, na kubahatisha kimo ambacho mwenye bomba alikuwa akikijua kwa hakika.

Mfano mkubwa uko Hamburg, Ujerumani, katika kanisa la Mtakatifu Yakobo. Kinanda chake kilimalizwa mwaka 1693 na Arp Schnitger, fundi aliyesifika kupita wote wa kaskazini ya Ujerumani katika zama zake. Kina safu 60 za sauti na mabomba karibu 4,000. Schnitger alikuwa na uwezo wa kuunda kila bomba upya, na huenda watu wa kanisa wangefurahi kuona kila kitu kinang'aa. Hakufanya hivyo. Alikuta mabomba ya mafundi waliomtangulia, wa ukoo wa Scherer na Gottfried Fritzsche, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Aliyaona mema, akayaweka pamoja na ya kwake. Ewe unayedhani kwamba kutunza cha zamani ni kazi ya mtu asiyeweza kuunda kipya, tafakari juu ya Schnitger. Mwaka 1720 Johann Sebastian Bach mwenyewe aliomba nafasi ya upigaji wa kinanda katika kanisa hilo. Hakuipata, ilikwenda kwa mwingine, ambaye baadaye alilipa kanisa mark 4,000. Hayo ni ya kando, lakini yatukumbusha kwamba fedha imekuwa na sauti kanisani tangu zamani.

Mwaka 1917, katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Ujerumani ilihitaji bati, na mabomba ya mbele ya vinanda vya makanisa yakatwaliwa katika nchi nzima. Ya kanisa la Mtakatifu Yakobo yalikwenda pamoja nayo. Baada ya vita, kinanda kikiwa kimepuuzwa, alitokea kijana mwandishi aitwaye Hans Henny Jahnn, aliyekijua thamani yake. Yeye na rafiki zake waliandaa maonyesho ya muziki ili kuchanga fedha za kukiokoa. Vita vya pili vilipokuja, mabomba na masanduku ya upepo yaliondolewa yakafichwa mahali salama, na yaliokoka kwa sababu hiyo tu: mwaka 1944 kanisa lilipigwa mabomu, na kabati kubwa la kinanda likateketea. Baada ya vita kinanda kiliinuliwa tena, lakini matengenezo hayo hayakuridhisha. Ndipo fundi Jürgen Ahrend alipokishika, akakitengeneza tangu mwaka 1989 hadi 1993, kikafikisha miaka 300 kikiwa na sauti yake. Mabomba ya Schnitger na ya waliomtangulia yaliponywa yakarudishwa. Yale ya mbele yaliyoliwa na vita ilibidi yaundwe upya kwa bati, kwa kufuata mkono wa Schnitger.

Niambie sasa: kazi ya Ahrend ilikuwa ya kutengeneza au ya kuunda? Lau angalikuwa mtu wa viraka tu, mbele ya kinanda pangalibaki pengo. Lau angalikuwa mtu wa vipya tu, mabomba ya kale yangalikwenda chunguni. Kinanda kile kinasikika leo kwa sababu elimu zote mbili zilikaa katika karakana moja.

Ushahidi mwingine watoka Sweden. Katika mji wa Gothenburg, kituo cha uchunguzi wa vinanda kilichoanzishwa katika chuo kikuu mwaka 1995 kiliamua kuunda kinanda kipya kwa njia za Schnitger, kikamalizwa mwaka 2000 katika kanisa la Örgryte. Kilikuwa na safu 54 za sauti. Lengo halikuwa kujipatia ala tu. Lilikuwa kujifunza yale ambayo hayakuandikwa vitabuni. Wachunguzi na mafundi walipima mabomba ya kale, walichunguza madini yake, na walirudia hata desturi ya kumwaga shuka juu ya mchanga badala ya juu ya kitambaa. Ikadhihirika kwamba risasi ya zamani haikuwa safi. Ilikuwa na chembechembe za madini mengine, nazo chembechembe hizo huisaidia kusimama. Risasi safi ya leo ni laini mno, na bomba lililoundwa kwayo huelekea kuinama kwa uzito wake lenyewe. Tazama basi ajabu hiyo: kile ambacho mtu wa kisasa angekiita uchafu kilikuwa ndicho nguvu ya bomba. Nani angaligundua jambo hilo kwa kukaa tu na kulisifu bomba la kale? Iligunduliwa kwa kujaribu kuliunda tena.

Na asiyejua lazima adhuru hata akipenda. Mafundi wa Ulaya waliona mabomba ya kale yakioza miguu kutoka ndani, yakigeuka unga mweupe. Mojawapo ya vinanda vilivyopatwa na maradhi hayo ni kile alichokitengeneza Stellwagen mwaka 1637 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo la Lübeck. Mwanzoni mwa karne hii wanakemia na mafundi wa nchi mbalimbali walishirikiana kutafuta chanzo, wakakipata mahali ambapo pengine wengi wasingepashuku. Mbao za mwaloni, zitumikazo kwa masanduku ya upepo, hutoa mvuke wa asidi, ya jamii ya ile iliyomo katika siki. Upepo huuchukua mvuke huo ukauingiza katika mguu wa bomba, na risasi ikaliwa kidogo kidogo. Fikiri juu ya mtengenezaji mwenye moyo mwema ambaye, kwa kulipenda bomba kuukuu, angelisimamisha juu ya mbao mpya za mwaloni! Zingekuwa ni zawadi yenye sumu. Moyo mwema hautoshi katika kazi hii. Yatakiwa elimu ya madini, elimu ya mbao na elimu ya hewa. Na wanafunzi wanaouliza kemia na fizikia zitawafaa nini nje ya mtihani, jibu moja ni hili.

Nageukia sasa hoja za wapinzani. Wanaosema kwamba kitu cha kale kimepitwa na wakati nawaambia kwamba kila kizazi kimekuwa na sababu yake nzuri ya kuliangamiza bomba. Mwaka 1644 bunge la Uingereza liliamuru vinanda viondolewe makanisani kwa sababu ya dini. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa mabomba mengi yaliyeyushwa kwa sababu ya madini yake. Mwaka 1917 sababu ilikuwa vita. Leo sababu ni wepesi. Kila mara waliovunja walikuwa na yakini, na kila mara wajukuu wao walitumia miaka na mali nyingi kurudisha kilichovunjwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na kinyemi cha kinanda cha umeme nakijua.

Sitakidhulumu kinanda hicho. Laurens Hammond wa Marekani alipokitoa chake sokoni mwaka 1935, kampuni yake ilijigamba hata tume ya serikali ya biashara ikaingilia kati. Katika kesi hiyo kinanda cha Hammond cha bei ya dola kama 2,600 kilishindanishwa na kinanda cha mabomba cha dola 75,000 katika kanisa la chuo kikuu cha Chicago. Wasikilizaji waliambiwa wataje ni kipi kinacholia. Mawakili wa Hammond walidai kwamba wasikilizaji walikosea au walibahatisha karibu nusu ya nyakati. Mashahidi wa tume walidai kwamba kinanda cha mabomba kilikuwa kimechezewa ili kifanane na kile cha umeme. Mwaka 1938 tume iliiamuru kampuni iache kudai kwamba ala yake ni sawa na kinanda cha mabomba cha dola 10,000.

Wenzangu wengi wapendao mabomba huishangilia amri hiyo. Mimi siiegemei. Yamkini sikio laweza kudanganywa, na vifaa vya leo vinadanganya vizuri kuliko vile vya mwaka 1935. Hoja yangu si kwamba kila msikilizaji atatambua tofauti. Hoja yangu ni kwamba chombo kimoja chaweza kuponywa na kingine hakiwezi. Kinanda cha umeme kikifa baada ya miaka michache, aghalabu vipuri vyake havitengenezwi tena, na kiwanda kilichokiunda kimeshasahau. Bomba likibonyea, hunyoshwa juu ya kigogo. Likipasuka, hulehemiwa. Likioza mguu, hukatwa mguu uliooza likapewa mwingine. Likifa kabisa, madini yake huyeyuka tena chunguni. Halina siri ambayo mtu mwenye mikono na subira hawezi kujifunza. Huko Sion, Uswisi, katika kanisa la Valère, kiko kinanda kilichoundwa katika karne ya 15, na bado kinapigwa. Anayenitajia ughali wa matengenezo na aigawe gharama kwa miaka 500, halafu anieleze ni kinanda gani cha umeme kitakachoishinda hesabu hiyo.

Imebaki hoja ya ugeni. Hiyo hunikasirisha kuliko zote, kwa sababu huvaa nguo za uzalendo. Kinanda cha kwanza cha mabomba tunachokijua kilibuniwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo na Ktesibios, mtu wa Alexandria. Na Alexandria iko Misri, na Misri iko Afrika. Ktesibios alikuwa mjuzi wa pampu na mashine za upepo, na inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa kinyozi. Alitumia uzito wa maji kuutuliza upepo ili usiyumbe. Kutoka hapo ala yake ilienea katika dola ya Rumi. Huko Aquincum, mahali palipo sasa mji wa Budapest, mwaka 1931 yalichimbuliwa mabaki ya kinanda chenye mabomba 52, pamoja na bamba la shaba lenye maandiko ya mwaka 228. Ulaya ya magharibi ilikuwa imekipoteza kinanda, ikakirudia kama zawadi: mwaka 757 Kaisari Konstantino V wa Bizanti alimpelekea Pippin, mfalme wa Wafranki, kinanda cha mabomba. Basi kilipoingia kwa Wafranki kilikuwa kigeni kwao. Hawakukitupa kwa sababu hiyo. Walijifunza kukiunda, na kwa kukiunda kikawa chao.

Sisemi kwamba kila kanisa la Kenya liuze ng'ombe wa waumini linunue mabomba. Kwaya zetu zina ala zao, na zinatosha. Vinanda vya mabomba ni vichache katika nchi zetu. Lakini vile vilivyopo viko mikononi mwetu, na swali ni kama kikiharibika kimoja tutamwita mtu kutoka mbali, au tutakivunja, au tutakuwa na kijana wetu anayejua tofauti ya bati na risasi. Huko Ludwigsburg, Ujerumani, iko shule inayofundisha uundaji wa vinanda. Uanagenzi wa kazi hiyo huchukua miaka mitatu na nusu. Mwaka 2017 UNESCO iliandika sanaa ya kuunda vinanda na muziki wake katika Ujerumani kuwa urithi wa wanadamu. Nayo nchi hiyo ina karakana kama 400 za kazi hiyo na vinanda vipatavyo 50,000. Waswahili walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Wangaliweza kuongeza kuwa vikielea kwa muda mrefu vimekalafatiwa, kwa maana kila baharia anajua kwamba jahazi haliishi kwa uundaji wake wa kwanza.

Na anayedhani kazi ya kuponya ni ndogo kuliko ya kuunda, na aangalie Paris. Tarehe 15 Aprili 2019 kanisa la Notre-Dame liliungua. Kinanda chake kikuu, chenye mabomba karibu 8,000, hakikuguswa na moto, lakini kilifunikwa kwa vumbi la risasi lililotoka katika paa lililoteketea. Wengi wangesema: hakikuungua, kipanguseni. Mwaka 2020 mafundi walikifungua kipande kwa kipande, wakayapeleka mabomba katika karakana zao, wakayasafisha, wakayarudisha. Kisha walitumia miezi mingi kuyalinganisha sauti bomba moja moja, tena usiku, kwa sababu mchana kelele za waashi na maseremala hazikuwaachia ukimya wa kusikiliza. Kilisikika tena tarehe 7 Desemba 2024, siku kanisa lilipofunguliwa.

Iko hoja moja tu ya wapinzani ambayo naikubali. Yako mabomba yaliyokwisha kabisa, yaliyokuwa unga, ambayo hapana mkono uwezao kuyaponya. Hayo na yaundwe upya. Lakini bomba jipya na litiwe alama ya mwaka wake na jina la fundi wake, ili lisijisingizie uzee. Na lile kuukuu lisitupwe, bali lifungwe kwa karatasi na kuwekwa kabatini nyuma ya kinanda, ili fundi wa miaka 100 ijayo, akitilia shaka kazi yetu, apate kulitoa na kulipima.